Yaya, Mbwa Wako Hataki Kuja Kwangu

Yaya yangu,

Najua kitu cha kwanza ungekitazama ni mwandiko. Ungeigeuza karatasi juu chini, halafu ungeniuliza kama nimeandika mimi au ni kuku amepita hapa na matope. Vumilia. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, na aliyelia siku ile ni wewe, si mimi. Hata hivyo hapa Kisugu, Kampala, mimi ndiye ninayewaandikia watu barua zao za kuomba kazi, na kazi wanapata. Baadhi yao. Kwa hiyo usinidharau kwa sababu tu umekwenda mahali ambapo siwezi kukufikia.

Atakayeisoma barua hii naye ajue: kwetu Bukavu dada mkubwa huitwa yaya. Wakenya wa kazini kwako walicheka mara ya kwanza waliponisikia, wakadhani nakuita mlezi wa watoto. Ukawajibu, "Na huyu mnamwona si mtoto?" Ulinizidi miaka tisa tu, lakini tangu tumzike Mama ulitembea kama mtu aliyenizaa.

Ile kampuni ya ulinzi ya Makindye ilikuajiri kupika. Si kuwapikia askari, kuwapikia mbwa. Unga wa mahindi na mapafu ya ng'ombe katika sufuria kubwa kama beseni la kuogea. Baada ya mwaka mmoja mbwa wote kumi na wanne walikuwa wanakusikiliza wewe kuliko wanaume waliovaa buti, hadi meneja, Bwana Mutiso, akasimama mlangoni mwa jiko akasema, "Faida, weka mwiko chini. Chukua kamba." Habari hiyo niliitangaza mtaa mzima. Niliongeza kidogo kwamba umepewa na gari. Samahani, sikuwahi kukuambia.

Wakakupa Meja akiwa na miezi minne. Nusu Mjerumani, nusu wa jalalani, sikio moja limesimama, jingine limelala. Ukamzoea hadi ukaruhusiwa kulala naye nyumbani, kwenye chumba chetu cha Kisugu, na hapo ndipo shida na majirani ilipoanza. Mbwa wa kampuni hufundishwa kwa Kiswahili. Mwizi wa Kampala akiruka ukuta atasema Kiganda, akijifanya msomi atasema Kiingereza, na mbwa asimwelewe. Akili nzuri. Lakini unakumbuka ile asubuhi ulipokuwa unamzoesha nyuma ya nyumba, ukapaza sauti: "Meja! Lala chini!"

Meja akalala. Na upande wa pili wa ua, kwenye migomba yake, mwenye nyumba wetu, Ssalongo, jina la Waganda kwa baba wa mapacha, mzee wa watu ambaye mapacha wake walikwisha kuota ndevu, naye akalala. Chini kabisa, uso kwenye majani, kikapu kando.

Mimi nilicheka hadi nikashika ukuta. Wewe uliruka ua ukamwinua, ukamfuta udongo kifuani.

"Ssalongo, pole, pole sana. Nilikuwa naongea na mbwa."

"Hapana neno, nyabo," akasema, akiokota kikapu chake. "Mimi nilisikia Kiswahili tu. Kiswahili na 'lala chini.' Mwili ililala yenyewe, mimi hapana kuambia."

Vita vya huko nyuma, vya mwaka themanini na sita na vile vilivyovitangulia, vilikuwa vimekwisha mimi hata sijazaliwa. Yule mzee alikuwa amejenga, ameozesha mabinti, amesahau majina ya barabara zilizokuwa na vizuizi vya askari wa kuamrisha kwa Kiswahili. Mwili wake haukusahau. Jioni, ukiwa unachambua mchele, uliniambia bila kunitazama, "Uliona? Kinachofundishwa kwa hofu hakifutiki. Unaweza kukifunika na mengine mazuri, mengi, miaka na miaka. Lakini kipo chini pale." Tangu siku hiyo hukuanza mazoezi kabla hujaenda uani kumwamkia kwanza.

Mimi nilidhani kufundisha mbwa ni sauti nene na fimbo. Nikakuambia hata mimi naweza. Ukaniambia njoo kazini Jumamosi.

Kwanza ukanionyesha kifuniko cha chupa ya jemu, kile chenye tumbo katikati, ukikibonyeza kinasema tik. Mfuko mwingine wa suruali ulikuwa na mukene, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa bila mafuta. Ndiyo maana kanisani benchi lako lilikuwa na nafasi siku zote. "Samaki huchelewa," ulinieleza. "Mkono uingie mfukoni, utoke, umfikie, mbwa ameshaamka, amejikuna, ametazama ndege. Atadhani umempa kwa kutazama ndege. Tik haichelewi. Inamwambia: hicho hicho, ulichofanya sasa hivi."

Nikasema nimeelewa. Ukasema, "Basi wewe uwe mbwa."

Mkanitoa nje, mkakubaliana siri yenu, mkaniita. Hakuna maneno, tik tu. Nilikuwa nimewaambia wenzako kwamba dakika moja inanitosha. Nikatembea huku na huku. Nikageukia kona yenye ndoo iliyofudikizwa: tik! Nikaisogelea: tik! Nikapiga magoti mbele yake. Kimya. Nikaiinua. Kimya. Nikasimama kwa mguu mmoja, nikabusu ukuta, nikacheza ndombolo, na wale wanaume wa buti wakawa wanafuta machozi. Mwishowe nikairushia ndoo teke kwa hasira, na kwa kuwa mguu uliipitia juu, wewe ukadhani ninataka kuketi: tik! Basi nikaipiga kwelikweli hadi ikafika getini.

Mlitaka nikae juu ya ndoo. Kukaa tu! Mtu mzima nilishindwa kukaa kwenye ndoo.

"Ulijisikiaje?" ukaniuliza.

"Kama mjinga."

"Na kama kila ukikosea ningekuchapa?"

"Ningeondoka zangu."

"Mbwa ana kamba shingoni," ukasema. "Hawezi kuondoka. Anaondokea ndani."

Ningekuwa na akili ningeandika maneno hayo mkononi. Badala yake, wiki mbili baadaye ulipokwenda msibani ukaniachia Meja kwa saa chache, nilimpeleka Kabalagala. Ulisema nimzungushe nyuma ya nyumba, kamba mkononi. Lakini nyuma ya nyumba kulikuwa na nani wa kuniona? Kabalagala mchana wa Jumamosi kila mtu yupo, na wale vijana wa pale kwenye nguruwe wa kuchoma hawakuwa wakiamini kwamba nina mbwa wa kazi. Nikamfungua kamba katikati yao.

Ulikuwa umeshaniambia, Yaya. Ulisema mbwa hajifunzi neno peke yake, anajifunza neno pamoja na mahali. "Njoo" ya uani si "njoo" ya barabarani. Kila mahali papya unaanza upya, karibu karibu, na samaki wengi. Meja hakuwahi kuitwa hata mara moja mbele ya jiko la nguruwe. Alikwenda alikoitwa na pua.

Nikaita, "Meja, njoo!" Nikaita tena. Nikaita hadi sauti ikakwaruza.

"Afande," mmoja akanipigia kelele, "huyo amekuzidi cheo! Mpigie saluti kwanza!"

Mtaa mzima ukacheka. Halafu Meja, alipomaliza alichookota, akanikumbuka. Akaja mbio, mkia unapepea, sikio lililolala likirukaruka, akakaa mbele yangu vizuri kabisa, kama ulivyomfundisha, akanitazama usoni akingojea.

Nikamchapa kwa kamba. Mara nne. Ili wale waone.

Sikukuambia. Ulijua mwenyewe kesho yake, pale niliposema "njoo" na Meja akajibana chini akajikojolea. Uliweka kikombe chini polepole.

"Ulimpiga lini? Alipokimbia, au alipokuja?"

"Alipokuja."

"Basi hukumpiga kwa kukimbia," ukasema. "Umempiga kwa kuja."

Ulijaribu kutengeneza. Ukasema "njoo" ya mdomo wangu imekufa, tuitupe, tutafute neno ambalo halijawahi kumuumiza. Ukachagua "karibu," kwa sababu, ulisema, hujawahi kumsikia mtu akisema karibu kwa hasira. Kila asubuhi mimi upande huu, yeye upande ule, wewe na kifuniko chako katikati. Alifika nusu ya njia. Nusu tu. Hapo anasimama, anageuza kichwa pembeni, analamba pua yake, na wewe unasema usimkazie macho, usimwinamie, mshukuru kwa hizo hatua alizozileta. Mimi nilitaka zote. Nikachoka kabla yake.

Sasa nifike kwenye lile ninalolizungukazunguka tangu mwanzo wa karatasi.

Nilipoacha mazoezi, nikahama na nyumbani, nikaenda kubeba maboksi kwenye maduka ya jumla ya Kikuubo na kulala na wenzangu kule kule. Ukawa unanipigia simu. Nikipokea tu: umekula nini, umelala wapi, kwa nini hukuja kanisani, utarudi lini shule, Mama angesema nini. Ulikuwa na haki, sikatai. Lakini kila nilipoitika nilichapwa, Yaya. Wewe fundi wa mbwa wote wa Makindye, uliyeweza kumfanya mbwa mkali aachie kisigino cha mtu kwa sauti ya kifuniko cha jemu, mimi ulinikosea. Nakuambia sasa kwa kuwa huwezi kunishika sikio. Nikaliandika jina lako kwenye simu "Polisi." Ikilia, naigeuza uso chini.

Ile Alhamisi ililia mara tatu. Nilikuwa juu ya lori la sabuni.

"Wewe, simu yako inalia," jamaa wa chini akaniambia.

"Polisi wananitafuta," nikasema, wakacheka, nami nikacheka kuliko wote, nikadaka boksi jingine.

Ya nne ilikuwa Bwana Mutiso. Hakunisalimu. Alitaja jina la hospitali na wodi, akakata.

Nilikimbia, hilo ujue. Nilipofika, kwenye kitanda chako mtu mwingine alikuwa anatandikiwa. Mama wa kitanda cha pembeni akaniuliza kama mimi ndiye mdogo wake Faida. Akaniambia malaria ilikuwa imepanda kichwani tangu jana, na kwamba asubuhi ulipata nafuu ukaomba simu. "Alitaka umletee uji wa mtama," akasema. "Na kitenge, alikuwa anasikia baridi. Alisema wewe unajua kiko wapi."

Nilijua. Kilikuwa kwenye kamba ya nguo nyuma ya mlango. Hukuwa unapiga kunigombeza. Ulitaka uji.

Nimelifikiria jambo hili kila upande, na nimejaribu kujitetea kwa kutumia masomo yako mwenyewe: kwamba anayeumizwa akija, hujifunza kutokuja. Haliingii, Yaya. Meja hakuchagua. Mwili wake ulijibana wenyewe, kama mwili wa Ssalongo. Mimi nilikuwa na kidole, na simu, na muda wa kufanya utani.

Baada ya mazishi Meja alirudishwa bandani. Akawa hasikilizi mtu. Hakung'ata, hakubweka, alikaa kona ya nyuma akiwapa watu mgongo, wakimfungua uani hawezi kukamatika hadi aletewe wavu. Bwana Mutiso akaniita ofisini kunikabidhi mkoba wako na buti zako. Nilipouliza habari za Meja, akavua miwani.

"Mbwa wa ulinzi asiyeitika ni silaha iliyopotea," akasema. "Ana miaka sita, hanunuliki. Ijumaa ya wiki ya tatu kuanzia sasa daktari wa mifugo anakuja. Asipoitika bila kamba, atapigwa sindano."

"Nipe mimi nimrudishe."

"Wewe? Si wewe uliyemchapa Kabalagala? Faida alinieleza."

"Ndiyo mimi," nikasema. "Ndiyo maana."

Akanitazama. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kukataa. Akaniambia nije alfajiri, nisiwasumbue wafanyakazi.

Yaya, ningependa kujisifu hapa, na unajua nikianza sikosi. Lakini wiki ya kwanza sikufanya chochote. Nilikaa kwenye simenti nje ya banda lake, nimempa mgongo, nasoma gazeti la juzi, narusha mukene nyuma juu ya bega. Sikumwita. Sauti yangu ilikuwa na kamba ndani yake. Siku ya nne nikasikia anatafuna wakati bado nipo. Siku ya sita nikasikia pumzi yake kwenye shati. Sikugeuka. Mimi, ambaye sikuwahi kukaa kimya hata wakati wa sala!

Wiki ya pili nikaanza na kifuniko. Kilikuwa ndani ya mkoba wako, kwenye mfuko wa zipu. Akinitazama: tik. Akisogea: tik, samaki. Kisha nikamjaribu na lile neno, kwa sauti ndogo, akiwa ameshageukia kwangu, ili lisianguke chini bure. "Karibu." Hatua moja. Tik. Nikampeleka uani, nikaanza upya. Nikampeleka karibu na geti, nikaanza upya. Wale wa buti walikuwa wananipita wakisema, "Mwangalie mpishi mpya," nami sikuwajibu. Wiki ya tatu akawa anafika nusu ya njia. Ile ile nusu yako. Hapo anasimama, anageuza kichwa, analamba pua.

Ijumaa daktari akaja na kisanduku chake. Bwana Mutiso akasimama kwenye kivuli cha tangi la maji, mikono nyuma. Wakamfungua Meja mwisho wa uani. Mimi nikachuchumaa upande huu, bega ndilo nimelielekeza kwake, macho chini, kama ulivyonifundisha zamani nami nikakasirika.

"Karibu," nikasema.

Alisikia, sikio lililosimama lilizunguka. Akaja hatua kadhaa, akafika nusu, akasimama. Akanusa tairi la gari la daktari. Akainua mguu kwenye tairi hilo hilo. Mtu akacheka. Nikahisi uso unawaka kama siku ile ya nguruwe, na neno likanijaa mdomoni, niliite tena, nilikaze, niwaonyeshe. Nikaliuma. Ulisema mwite mara moja. Ukimwita mara kumi unamfundisha kwamba tisa za kwanza si kitu. Nikatazama buti zangu, yaani zako, zinanibana. Nikahesabu mishono.

Daktari akafungua kisanduku. Nilisikia vibanio.

Kisha nikasikia kucha kwenye simenti. Alikuja kwa kuzunguka, upande wa ukutani, mkia chini, akasimama, akaja, akasimama. Halafu uzito wote wa ubavu wake ukaegemea bega langu, na pua yake baridi ikaingia kwenye mfuko.

Sikumshika. Nilibonyeza kifuniko, nikampa samaki wote waliokuwemo.

"Amechelewa," akasema Bwana Mutiso kutoka kivulini. "Mwizi angekuwa ameshafika Kisugu."

"Amekuja," nikasema.

Bwana Mutiso akavaa miwani, akamwambia daktari afunge kisanduku. Akasema kazi ya geti Meja haiwezi tena, nimchukue tu, aliyekuwa wake hayupo. Alisema hivyo akiwa anatazama tangi la maji.

Nilimtoa nje ya geti, nikakaa naye nyuma ya ukuta, na hapo ndipo nilipolia kilio ambacho sikukilia makaburini. Nilitaka kukuita, Yaya. Jina lako lilikuwa limeshafika kwenye meno. Sikuliita. Neno likiitwa na kisifuate kitu, likiitwa tena na tena na kisifuate kitu, siku moja mbwa anaacha kugeuza kichwa, linakuwa kelele kama kelele nyingine. La kwako sitaki lifike huko. Ndiyo maana nimeandika.

Meja amekula. Mimi pia nimekula, usiniulize nini. Pumzika na baridi isikufikie.

Mdogo wako wa pekee, yule yule mkaidi,
Kisugu